Somo: Mbwa wa jirani hakulazi? Fuata hatua hizi kabla hamjanuniana

Mimi ni afisa mifugo wa kata, Dar es Salaam. Wenye mbwa huja kwangu kuulizia chanjo na dawa ya kupe. Majirani wa wenye mbwa huja macho yamewawiva kwa kukosa usingizi, na mara nyingi wanapofika wameshatukanana ukutani, salamu zimekatika, watoto wamekatazwa kucheza pamoja. Kesi hizi zinaniuma, kwa sababu nyingi zingeisha kwa mazungumzo ya nusu saa barazani kama kuna mtu angejua aanzie wapi. Nawawekea utaratibu ninaowaelekeza watu. Usiruke hatua, hasa ya kwanza.

Hatua ya 1: Andika saa

Chukua daftari, uliweke karibu na kitanda. Kwa wiki nzima andika mbwa ameanza saa ngapi, amenyamaza saa ngapi, na ulisikia nini kingine wakati huo: pikipiki, watu wanapita, mbwa wa mtaa wa pili, geti kufunguliwa. Ukiweza, rekodi sauti kwa simu ukiwa chumbani kwako. Usipige picha ndani ya uzio wa mwenzio, maana hapo kesi itageuka, na wewe ndiye utakayeulizwa ulikuwa unachungulia nini.

Faida ya daftari ni mbili. Kwanza, ukimwambia mtu "mbwa wako anabweka usiku kucha" atakataa, na atakuwa na haki ya kukataa, kwa sababu ni nadra mbwa kubweka usiku kucha. Ukimwambia "saa nane na nusu mpaka saa tisa, usiku wa Jumatatu, Jumanne na Alhamisi" hana pa kukwepea. Pili, saa zenyewe hukuonyesha chanzo.

Kuna kesi moja ya mama muuguzi aliyekuwa akiamka alfajiri kuwahi zamu. Daftari lake lilionyesha mbwa huanza karibu saa tisa usiku, tena akiwa amekazania upande wa ukuta wa huyo mama, si upande wa barabara. Tulikwenda na tochi, mimi na mwenye mbwa na mama mwenyewe. Nyuma ya banda la kuku la mama, chini kabisa ya ukuta, palikuwa na tundu limesuguka likawa laini kwa kupitiwa, na pumba za kuku zimemwagika mpaka mlangoni pa tundu. Panya buku walikuwa wanavuka kila usiku kwenda kula. Mbwa alikuwa anafanya kazi yake. Tundu likazibwa kwa zege, chakula cha kuku kikahamia kwenye ndoo yenye mfuniko, na usiku ukatulia. Bila lile daftari wale watu wangefikishana baraza la kata kwa sababu ya panya.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini anabweka

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea. Mbwa habweki kwa kiburi wala kwa kutumwa na mwenyewe akukere. Anabweka kwa sababu, na kila sababu ina dawa yake.

Mbwa wetu wengi wa ulinzi hufungiwa bandani tangu asubuhi, banda dogo la mbao na wavu juu ya sakafu ya saruji, kisha hufunguliwa usiku. Mchana kutwa hajatembea, hajaongea na mtu. Usiku nguvu zote ziko mwilini. Mbwa wa namna hii hubweka kwa sauti ya aina moja, kwa vituo, muda mrefu, na wakati mwingine hulia kwa kuvuta. Huo ni upweke.

Mwingine hubweka kwa mlipuko kila mtu akipita, kisha ananyamaza. Huyu analinda mpaka. Fahamu jambo hili: mpita njia anaendelea na safari zake, lakini mbwa anaamini ni yeye aliyemfukuza. Kila siku anashinda, na kesho anabweka kwa nguvu zaidi. Kama geti lina mwanya chini na anaona miguu ya watu, hatapumzika.

Wengine huitikia mbwa wa mbali. Sikio la mbwa hunasa sauti nyembamba mpaka karibu herzi 45,000 (herzi ni kipimo cha wembamba wa sauti), letu huishia karibu 20,000, kwa hiyo unaposema anabweka hewa, si hewa. Wengine wana njaa au kiu, wameliwa na kupe, au wamefungwa mnyororo mfupi. Jike akipata joto, jambo linalotokea karibu mara mbili kwa mwaka na kudumu wiki mbili hadi tatu, madume wa mtaa mzima watapiga kambi getini. Hilo hupita lenyewe. Vumilia, au omba afungiwe ndani siku hizo.

Na mwenye mbwa anayetoka dirishani na kupiga kelele "Wewe! Nyamaza!" anazidisha. Mbwa anasikia kwamba bosi naye ameingia kazini.

Hatua ya 3: Nenda mwenyewe, kwa miguu

Usianzie kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ukimwanika mtu mbele ya majirani mia, atatetea heshima yake, na habari ya mbwa itasahaulika. Usiende usiku wa kelele wenyewe ukiwa na hasira. Nenda jioni au Jumamosi alasiri, piga hodi, kaa ukikaribishwa.

Kama ni mtu mzima kwako, shikamoo kwanza, habari za nyumbani, kisha useme shida yako bila kuzunguka sana:

"Mzee, nimekuja kwa jambo la ujirani. Mbwa hutuamsha kama saa tisa, na mwenzangu anatakiwa kazini saa kumi na mbili. Najua mnamfuga kwa ulinzi, na hata sisi tunalindwa humo humo. Naomba tusaidiane kuangalia kinachomsumbua saa hizo."

Katika maneno hayo hujamwambia amwondoe mbwa. Usimwambie. Mtu aliyewahi kuvunjiwa nyumba hatamtoa mbwa kwa sababu ya usingizi wako, na ukianza na hilo umefunga mlango wa mengine yote. Unachotafuta ni usiku wenye utulivu, na unapatikana mbwa akiwepo.

Hatua ya 4: Omba kitu kinachofanyika

Ukishajua chanzo, omba jambo moja au mawili, si orodha:

- Banda lihamishwe kutoka ukuta wenu wa pamoja.
- Chini ya geti pazibwe kwa bati au ubao, asione miguu.
- Atembezwe nusu saa jioni, kisha apewe chakula chake kikuu usiku, saa mbili au saa tatu, na maji yasikauke. Mbwa aliyechoka na kushiba hulala.
- Kama tatizo ni alfajiri, arudishwe bandani kabla watu hawajaanza kwenda msikitini na kituo cha daladala.
- Aonwe na daktari wa mifugo: kupe, minyoo, vidonda.

Kuhasi husaidia dume asitoroke kufuata majike, lakini hakuondoi kubweka kwa ulinzi. Asikudanganye mtu.

Nina msimamo ambao baadhi hawaupendi: jitolee kuchangia. Bati moja, misumari, nusu siku ya fundi. Utasema mbwa si wako, na ni kweli. Lakini usingizi ni wako, na jirani aliyeona umeleta bati ataona haya kuacha kulipigilia. Kisha pangeni wiki mbili za kujaribu, mkutane tena.

Hatua ya 5: Viongozi

Wiki mbili zimepita na hakuna mabadiliko, au ulifukuzwa getini. Sasa nenda kwa mjumbe wako, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, ukiwa na daftari. Omba muitwe wote wawili, na mkikubaliana, maafikiano yaandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi. Karatasi hiyo itakusaidia sana baadaye. Mtendaji wa mtaa anaweza kumwita afisa mifugo au afisa afya wa kata akague banda, chanjo na usafi. Mwulize pia kuhusu sheria ndogo za halmashauri yenu za ufugaji mjini. Likishindikana, kuna baraza la kata, ambalo kazi yake ya msingi ni kusuluhisha. Mahakama iwe mwisho kabisa. Polisi nenda kama kuna kung'atwa, vitisho au sumu.

Kuhusu sumu nasema wazi. Usiweke, usimtume mtu, usimwache mwanao aizungumzie. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na kumuua mnyama wa mtu ni jinai. Zaidi ya hapo, nyama yenye sumu haichagui: huokotwa na paka, huburutwa na kunguru hadi uwanja wa pili, na watoto wanacheza hapo hapo. Nimeshaona mbwa anavyokufa kwa sumu. Hakuna usingizi unaostahili kulipiwa namna ile.

Maswali ya wasomaji

Mpangaji, Tabata: *Dokta, mbwa ni wa mwenye nyumba wangu na tunaishi uzio mmoja. Nikilalamika naogopa nitaambiwa nihame.*

Pole. Usiende kama mlalamikaji, nenda kama mtu wa nyumbani. Mweleze saa ulizoandika, na ujitolee kazi: "Baba, niruhusu niwe namtembeza jioni." Wapangaji wengine wana shida hiyo hiyo, ila nendeni wawili, si kumi, asione ni mgomo. Ukianza kumlisha na kumtembeza, mbwa atakuzoea, na ataacha kukubwekea unaporudi usiku.

Mama wa Mbagala: *Sisi ni Waislamu. Mbwa wa jirani anaingia uwanjani, anagusa nguo zilizoanikwa. Nikisema, jirani anaona namchukia yeye na dini yake.*

Mwambie jambo lenyewe lilivyo: kwamba mate ya mbwa yakigusa nguo ya kuswalia inakubidi uitoharishe, na hiyo ni kazi kwako kila mara. Wengi wasio Waislamu hawajui kwamba ni suala la tohara, wanadhani ni kuchukia mnyama. Na mbwa kuingia kwako ni kosa la mwenyewe, dini yoyote iwayo. Omba uzio uzibwe. Akikataa, hilo mwenyekiti analimaliza kwa urahisi kuliko hata kelele, kwa sababu linaonekana kwa macho.

Mwenye mbwa, Kimara: *Mbona somo zima linawatetea majirani? Mimi nimeibiwa. Mbwa asipobweka ana faida gani?*

Kaka, mbwa anayebwekea kila bodaboda hakulindi. Majirani wameshamzoea, na wewe mwenyewe umeshamzoea. Siku mwizi akija, nani atanyanyuka kitandani? Unataka mbwa anayenyamaza kwa mpita njia na kulipuka mtu akigusa ukuta. Ziba mwanya wa geti, mchoshe jioni, na anapobweka toka ukaangalie, kisha mwite kwako kwa sauti ya chini. Akija na kunyamaza, mpe kipande cha chakula. Ataelewa kwamba taarifa imefika. Mfundishe kwa wiki kadhaa bila kuruka siku.

Msomaji, Mombasa: *Huku Kenya naanzia wapi?*

Hatua nne za kwanza ni zile zile. Kisha mzee wa mtaa au Nyumba Kumi, halafu chifu. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama, pamoja na leseni za mbwa na kero za kelele, kwa hiyo ofisi ya kaunti ndiyo ya kuandikia barua. Mna pia kanuni za kelele za mwaka 2009 zilizo chini ya sheria ya mazingira.

Kijana, Arusha: *Kuna vifaa vya kutoa sauti isiyosikika na binadamu ili mbwa anyamaze. Vinafaa?*

Mbwa wengine hushtuka siku za mwanzo, kisha huzoea. Wengine hubweka zaidi. Na ukikielekeza kwa mbwa wa mtu kwa siri na akagundua, mazungumzo yamekufa. Fedha hiyo nunulia bati.

Dada, Kigamboni: *Mbwa wa jirani alikuwa anabweka kawaida, lakini tangu juzi sauti imebadilika, kama imekwama, na anatoa mate. Mwenyewe amesafiri.*

Acha mengine yote. Hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa. Msimsogelee, watoto waingie ndani, mpigie mtendaji wa mtaa sasa hivi amwite afisa mifugo, na mpigie mwenye mbwa umuulize kama amechanjwa na lini. Chanjo huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kama kuna yeyote aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au aliyerambwa kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali leo hii akaanze chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje, na asisubiri mwenye mbwa arudi.