Unahamia Texas na watoto? Hivi ndo unalinganisha shule za serikali jimbo zima

Kila ikifika mwezi wa saba simu yangu haitulii, ni wazazi wenzangu, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, wengi wako hapa Fort Worth na Dallas, wengine Houston, na swali ni lile lile, "kaka, shule gani nzuri nimpeleke mtoto?" Ukimuuliza ameangalia nini anakwambia ameangalia herufi. Texas inazipa shule herufi A mpaka F, wilaya za shule zilianza kupewa 2018 na shule moja moja 2019, basi mzazi akiona A anahama, kodi ya nyumba inapanda, afu mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi anajikuta shule ambayo haijawahi kupokea mtoto kama yeye. Hii inaniuma kweli, ndo maana naandika.

Kazi yangu ni data za shule. Nachokuonyesha hapa unaweza kufanya mwenyewe kwa Excel au Google Sheets, jioni moja inatosha, ila uwe na kompyuta maana simu itakutesa.

Hatua ya 1: chukua data yenyewe, usichukue orodha ya mtu

Idara ya elimu ya jimbo inaitwa Texas Education Agency, wao kila mwaka wanatoa ripoti inaitwa TAPR. Kama unataka shule moja tu ingia TXschools.gov uandike jina. Lakini kama unataka kulinganisha jimbo zima nenda kwenye TAPR sehemu ya kupakua data, chagua "campus", yaani shule, usichague "district". Wilaya moja inaweza kuwa na shule zaidi ya 200, ukichukua wastani wa wilaya umeficha kila kitu. Pakua mafaili mawili, la wanafunzi ni akina nani na la matokeo ya STAAR, ule mtihani wa jimbo unaoanza darasa la 3. Jimbo zima lina shule karibu 9,000 na watoto milioni 5 na nusu hivi, kwa hiyo faili likichelewa kufunguka subiri tu.

Hatua ya 2: linda zile sifuri

Hapa ndo wengi wanaharibu kazi, hata mimi mara ya kwanza nilipoteza siku nzima. Kila shule ina namba ya tarakimu 9, tatu za kwanza ni kaunti, tatu zinazofuata ni wilaya ya shule, tatu za mwisho ni shule yenyewe. Zile sita za kwanza ndo zinatambulisha wilaya ya shule (ISD): Houston ISD ni 101912, Fort Worth ISD ni 220905, Dallas ISD ni 057905. Sasa Excel ikiona namba inayoanza na sifuri inaikata, Dallas inakuwa 57905, ukija kuunganisha mafaili mawili shule za Dallas zote hazipatani. Wakati wa kuingiza faili iambie ile safu ni maandishi, siyo namba. Na usiunganishe kwa jina la shule hata siku moja, Texas imejaa shule za msingi zinazoitwa Travis, Crockett, Bowie, kila mji una yake.

Hatua ya 3: chagua safu chache

Faili lina safu mamia, usiogope. Kwenye matokeo utakuta ngazi tatu: Approaches, hapo mtoto amepita ila bado anahitaji kusaidiwa, Meets, yuko sawa na darasa lake, na Masters, yuko juu. Mimi natumia Meets, maana Approaches inazifanya shule nyingi zionekane nzuri kuliko zilivyo. Chukua kusoma na hesabu, na usichanganye shule ya msingi na haiskuli kwenye jedwali moja.

Kwenye wanafunzi chukua asilimia ya "economically disadvantaged", hawa ni watoto wanaostahili chakula cha bure au cha bei ndogo au familia inapata msaada wa serikali. Jimboni ni kama watoto 6 kati ya 10, kwa hiyo usione aibu ukijikuta humo. Chukua pia "emergent bilingual", watoto wanaojifunza Kiingereza, kama mmoja kati ya wanne. Na "mobility", watoto wanaohamahama katikati ya mwaka, hii watu wanaisahau na inavuruga matokeo sana.

Hapo kwenye watoto wanaojifunza Kiingereza nataka ukae kidogo. Wengi wao Texas ni wa Kispanyola, na darasa la 3 mpaka la 5 mtoto wa Kispanyola anaweza kufanya STAAR kwa Kispanyola. Wako wa Kiswahili au Kinyarwanda anafanya kwa Kiingereza. Halafu sheria inasema wilaya ikiwa na watoto 20 au zaidi wa lugha moja kwenye ngazi moja, mfano darasa la 3 wilaya nzima, iwape programu ya lugha mbili, wakiwa wachache wanapata ESL tu, yaani masomo ya Kiingereza kwa wageni wa lugha. Kwa hiyo matokeo mazuri ya safu hiyo kwenye shule yenye programu nzuri ya Kispanyola hayakwambii wako atasaidiwaje.

Hatua ya 4: chora grafu, hii ndo roho ya kazi

Mstari wa chini weka asilimia ya watoto wa kipato cha chini, wa juu weka asilimia ya Meets, chagua grafu ya nukta. Utaona wingu la nukta linashuka kutoka kushoto kwenda kulia. Mara ya kwanza kuliona nilinyamaza, kwa sababu sehemu kubwa ya ile tofauti tunayoiita shule nzuri na shule mbaya ni pesa ya wazazi tu.

Weka mstari wa wastani katikati ya wingu. Afu ongeza safu mpya, tumia fomula ya FORECAST ikupe matokeo yanayotarajiwa kwa shule yenye watoto wa hali ile, toa kwenye matokeo halisi. Zikibaki namba chanya kubwa, hizo shule zinafanya kitu. Unaweza kukuta shule ya C iko juu ya mstari na ya A imekaa chini yake.

Ila angalia, shule za magnet, yaani shule za serikali zenye programu maalum, nyingi zinachagua watoto kwa maombi na alama, zipake rangi yake, usizihesabu na shule ya mtaa inayopokea kila mtoto.

Hatua ya 5: ifungue ile herufi

Herufi ina sehemu tatu: mafanikio, maendeleo, na kuziba pengo kati ya makundi. Wanachukua iliyo bora kati ya mbili za kwanza inapewa 70%, pengo linapewa 30%. Maana yake A mbili zinaweza kutoka njia tofauti kabisa. Mtoto mgeni, mimi naangalia maendeleo kwanza, kama watoto walioanza chini wanapanda. Ukikuta nyota kwenye ripoti mahali pa namba siyo sifuri, ni watoto wachache mno wamefichwa kwa faragha, na hilo lenyewe ni jibu.

Hatua ya 6: miaka

Chukua mitatu, mmoja unadanganya. 2020 mtihani haukufanyika kwa ajili ya korona, 2021 wengi hawakufanya, 2022 shule za D na F hazikuandikwa herufi, 2023 mtihani ulibadilishwa na vigezo vya A vikapandishwa, kesi zikaenda mahakamani na herufi za 2023 na 2024 zikaja kutoka 2025. Kwa hiyo mtu akikwambia shule imeshuka toka 2022 mwambie akuonyeshe Meets.

Ukibaki na shule nne tano, piga simu. Uliza walimu wa ESL wangapi, mtoto aliyefika mwaka huu anakaa darasa gani, ofisini kuna mkalimani. Na kabla hujasaini kodi ya nyumba ingiza anwani kamili, mpaka namba ya nyumba, kwenye ukurasa wa wilaya wa kutafuta shule, maana nimeshaona apatimenti mbili zinatazamana, barabara tu katikati, watoto wa huku wanaenda shule moja na wa kule nyingine.