Namna ya kubishana Star Trek barazani bila kununiana

Yakhe kama mnaangalia sirizi za anga za mbali na wenzio mtaani mshajua, kahawa haijapoa watu washapandisha sauti. Siukatazi ubishi, mtamu, ila una namna zake.

Kwanza ulizaneni nani kafika wapi. Kuna mtu bando limemuishia yuko sizoni ya kwanza, ukimmwagia mwisho atakubishia kwa hasira tu, hoja hatokuwa nayo.

Halafu, na hapa ndo wengi wanachanganya, tenganisheni maswali mawili: hadithi imevunja sheria zake wenyewe, au huyu mtu alichofanya si haki? Chukua Tuvix, episodi ya Star Trek: Voyager ya 1996. Tuvok na Neelix, mabaharia wawili wa meli ya anga, wanarudi melini kwa ule mtambo wa kuhamisha watu, mtambo unawachanganya, anatokea mtu mmoja, ndo huyo Tuvix, ana kumbukumbu za wote wawili lakini nafsi yake mwenyewe, anaishi, anafanya kazi, watu wanamzoea. Baadae inapatikana njia ya kuwatenganisha, Tuvix anasema mie sitaki kufa, nahodha Janeway anaamua atenganishwe hivyo hivyo, daktari anakataa kumdhuru mtu asiyeridhia, basi Janeway anafanya kwa mkono wake.

Hapo mmoja atasema kaua, mwengine kaokoa wawili, wa tatu atadakia "kwani si wangemtoa kopi tu, mbona Riker walitokea wawili!" Kweli, Riker ni ofisa wa meli kwenye The Next Generation, sirizi nyengine ya Star Trek, na episodi yake ya 1993 inaonesha mtambo ule ule ukimtoa wawili. Lakini hilo swali la mantiki, lijibuni kivyake: ile ilikuwa ajali, Riker alikuwa anavutwa kutoka sayari yenye mvurugiko hewani, hakuna aliyekusudia. Unaweza kuridhika au ukaona waandishi wamekwepa (mie naona wamekwepa kidogo), ila halimtii Janeway hatiani wala halimtoi, yeye aliamua kwa alichokuwa nacho mkononi.

Mkifika kwenye haki sasa, badilisha kitu kimoja uone mwenzio kama bado yupo palepale. Muulize, ingekuwa Tuvix kaishi miaka 20 na ana watoto, ungemtenganisha? Ingekuwa wa kurudi ni mmoja tu? Na ingekuwa Tuvok humpendi? Hili la mwisho linawaumbua watu wallahi, wengi wanaojidai wanapiga hesabu ya roho mbili kwa moja ukiwachimba utakuta wanamtaka Tuvok wao tu.

Akitokea ami mmoja akasema haijuzu kuua, basi, usimcheke, ni hoja nzito na daktari wa meli kasimama hapo hapo. Muulize tu kwa adabu: na wale wawili walishakufa au walikuwemo ndani? Maana kama walikufa, Janeway kamuua mzima ili afufue maiti, na kama walikuwemo basi kawafungulia waliofungwa, na humo ndimo ubishi wote ulimo, mengine kelele.

Mkibishania nani kasema nini, msibishane, rudisheni kipande muangalie. Na anaesema "ah muvi tu hiyo" mpeni dhumna akacheze.

Mkiichoka Tuvix ingieni Deep Space Nine, sirizi nyengine ya Star Trek, ile episodi ya 1998 ambayo kamanda Sisko anawaingiza Waromulan, watu wa dola nyengine ya anga, vitani upande wake kwa ushahidi wa kughushi. Ila hiyo ianzeni Jumamosi, kesho yake hakuna kazi wala skuli.