Jinsi ya kusikiliza muziki wa gemu ya NieR: Automata

Kwanza vaa hedifoni, spika ya simu haitoshi kabisa, besi yote inapotea na kwaya inabaki kama inaimba ndani ya kopo. Hii gemu ilitoka 2017, muziki wake kausimamia Keiichi Okabe na kundi lake, na humo utakuta okestra, kwaya, ngoma nzito na elektroniki, saa nyingine vyote kwenye wimbo mmoja.

Usianze na albamu nzima, utachoka. Chukua wimbo mmoja tu, sikiliza toleo la utulivu afu lile lenye nguvu, utagundua melodi ni ileile ila imevalishwa nguo nyingine. Ukimaliza tafuta lile la biti 8, yaani lenye milio ya gemu za zamani, ndo linaloingia ukiwa unadukua (hack) mashine ndani ya gemu, okestra inayeyuka ghafla na melodi inaendelea bila kukatika, yaani hapo mimi mwili husisimka kila mara!

Maneno usihangaike kuyatafsiri maana mengi ni ya lugha ya kubuni, sauti ya mwimbaji Emi Evans ichukulie kama ala nyingine tu.