Bustani ya nyumba yako Tabora: mambo ya kujua kabla hujatuma hela

Ikifika Agosti, simu za ughaibuni huanza kuingia. Nyumba imeshaezekwa, ukuta umepakwa rangi, familia inakuja Krismasi, na mwenye nyumba anataka akute majani mabichi kuanzia getini mpaka barazani. Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya bustani hapa Tabora mjini, na inaniuma kuona hela za ndugu zetu zinavyoteketea kwa sababu ya kupanda kiangazi.

Huku mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Novemba mpaka Aprili. Oktoba jua ndiyo limepamba moto. Ukoka uliopandwa mwezi huo unataka maji asubuhi na jioni, kila siku. Maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini na yametupunguzia adha kubwa, ila bili ni bili, na bomba likikatika inabidi tununue maji ya boza. Hela hiyo mara nyingi haikuwemo kwenye makubaliano. Hapo ndipo mwenye nyumba anaanza kuhisi anaibiwa, na sisi tunaanza kuchagua kipi kife.

Kwa hiyo Agosti na Septemba lipia kazi ya ardhi peke yake. Mafundi wakimaliza kujenga hufukia kila kitu uani: vipande vya zege, chokaa, misumari, mifuko ya saruji iliyoganda. Ukipanda juu ya takataka hizo, majani yanachipua wiki mbili kisha yanageuka manjano kwa mabaka mabaka. Tunachimba kwa sululu, tunatoa uchafu kwa toroli, tunaleta udongo mzuri na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Ni kazi nzito kuliko zote na haina picha ya kupendeza, ndiyo maana wengi hawataki kuilipia. Ilipie. Mashimo ya miti nayo yachimbwe mapema, upigiwe picha yakiwa wazi kabla mche haujaingia.

Kupanda kuanze mvua ikishashika. Usidanganywe na ile ya kwanza. Inaweza kunyesha siku mbili halafu ikapotea. Maana yake Krismasi ya kwanza utakuta vipandikizi vimeshika tu, havijafunika uwanja. Mwambie mkeo au mumeo mapema.

Halafu kuna mchwa. Mchwa wa Unyamwezini hawana simile. Mche wa mwembe umesimama vizuri jioni, asubuhi ukiugusa unakubakia mkononi, mzizi wote umeliwa. Usiagize shina lizungushiwe majani makavu au vipande vya mbao kama ulivyoona huko uliko. Hapa unakuwa umewaandalia chakula. Mti mchanga ukaguliwe kila wiki, hasa Juni mpaka Oktoba. Ukaguzi huo ndio matunzo, na matunzo yawe na mkataba wake, tofauti na wa kupanda: nani anamwagilia, nani analipa maji, nani anafyeka.

Wenye viwanja Kigoma, shida yenu kubwa ni mteremko. Mvua moja kubwa inaweza kuteremsha udongo wako mpaka kwa jirani wa chini. Anzeni na kingo za mawe na mifereji, maua baadaye. Na kama kiwanja kinagusa Ziwa Tanganyika, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Fundi wa bustani hawezi kukuokoa na hilo.

Jambo lingine ni mama. Kama mama anaishi kwenye nyumba hiyo, mvua ikianza atataka mahindi na matembele, na hakuna kijana wa kampuni atakayemkatalia. Mpeni uwanja wa nyuma tangu mwanzo, tena kwa heshima, kabla hajapanda getini.

Ukiomba maendeleo, usitake picha ya maua pekee. Omba video kila baada ya wiki mbili, ipigwe kutoka sehemu ileile, ionyeshe na uwanja wa nyuma.

Mwisho, uliza vibarua wanalipwaje. Tunaanza saa 12 na nusu asubuhi, saa 6 jua linatutoa, tunarudi saa 10. Wanaopunguza ua wa minyaa wanahitaji glavu na miwani, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari. Uliza kama kampuni imewaandikisha NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini). Bei ikiwa ya chini mno kuliko wenzake, huenda inakatwa hapo hapo, kwa kijana atakayebaki na mti wako kiangazi kizima.