Mkituma hela nyumbani, angalieni kiwango kabla ya ada

Ndugu zangu mlio Uingereza, lile tangazo la "kutuma bure" lisiwalaze. Makato mengi yamefichwa kwenye kiwango cha kubadilishia fedha. Tuseme pauni moja sokoni ni shilingi 170 za Kenya, na kampuni ya kutuma pesa inakupa 164. Ukituma pauni 200, shilingi 1,200 zimekwenda, na risiti inaonyesha ada sifuri! Kwa hiyo swali ni moja tu: mama atapokea shilingi ngapi mkononi? Linganisha kampuni mbili tatu kwa jibu hilo, siku hiyo hiyo, maana viwango hubadilika kila siku.

Lipia kwa kadi ya benki ya kawaida au uhamishe kutoka akaunti yako. Ukitumia kadi ya mkopo, benki yako inaweza kuhesabu kwamba umetoa pesa taslimu, ikutoze ada pamoja na riba.

Na tafadhali, laini yako ya simu ya Kenya isife. Ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, namba akapewa mtu mwingine, na namba za siri za kuthibitisha, zile benki yako hukutumia kwa SMS, zinatumwa huko huko. Iwekee salio mara kwa mara.