SOMO: Lenzi ya tone la kioo kwa kamera ya simu

Tone la kioo la milimita 1.5 linatosha kuonesha yai la kichocho cha mkojo, lenye mikroni 110 hadi 170, na mwiba ulio nchani mwake. Anza na hesabu. Kipimo cha kioo cha dirisha cha kupinda mwanga ni 1.52, hivyo umbali wa fokasi (toka katikati ya tone hadi miale inapokutana) ni kipenyo mara 0.73: milimita 1.1. Kutoka uso wa tone hadi kwenye sampuli zinabaki 0.35 tu. Kioo cha kufunikia sampuli (milimita 0.17) kinapita, slaidi, yaani kioo kinachobeba sampuli, ya milimita 1 haipiti, basi usiigeuze: kioo cha kufunikia ndicho kielekee tone.

1. Omba baki la kioo cha milimita 3 kwa fundi wa madirisha, akukatie ufito wa upana wa milimita 5. Ufute kwa spiriti. Vaa miwani ya kinga.

2. Upashe katikati kwa tochi ya gesi, kwanza kwa mbali, pole pole. Ukiuingiza motoni ghafla utapasuka. Ukilegea, utoe motoni ndipo uvute, upate uzi wa milimita 0.5.

3. Ning'iniza uzi wima, ncha yake iguse moto wa bluu kwa ubavuni. Uteremshe huku ukiuzungusha. Zikiyeyuka milimita 9 za uzi, tone limetimia. Moto wa njano hutia masizi, na upepo wa kusi huyumbisha moto, kwa hiyo jikinge. Tengeneza kumi, uchague.

4. Toboa bati la kopo la soda tundu la milimita 0.5, ulipake weusi. Bandika tone juu ya tundu, mkia (uzi uliobaki) ulale ubavuni, kamwe usielekee kamera. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: tundu likiwa pana, miale ya pembezoni hukutana karibu kuliko ya katikati, na picha nzima inafifia.

5. Bandika bati mbele ya kamera, tone katikati.

MASUALI

— Maalim, tone langu la milimita 3 limekuwa kama chozi.
Uzito umeushinda mvutano wa uso wa kioo. Usizidi milimita 2.

— Viputo je, vinatoka wapi?
Ufito ulikuwa mchafu, au ulijikunja ukafungia hewa ulipokuwa unavuta. Tone hilo litupe, halitengenezeki.

— Yangu imefanya utando baada ya wiki mbili, nami nakaa ufukweni.
Ni unyevu na chumvi. Usisugue. Suuza kwa maji ya betri yasiyo na asidi, kisha spiriti, uihifadhi kwenye kichupa chenye silika jeli (punje za kufyonza unyevu).