Wayo wa ngamia si ukwato: namna ya kuukagua

Aliyezoea kukata kwato za mbuzi au punda asimwendee ngamia na kisu kile kile. Punda husimama juu ya kidole kimoja kilichovikwa ukwato mgumu. Ng'ombe na mbuzi wana vidole viwili, kila kimoja na ukwato wake unaobeba uzito. Ngamia pia ana vidole viwili, lakini mbele ana kucha tu, nazo hazibebi kitu. Kinachombeba ni wayo mpana: ndani mto wa mafuta na nyuzi zinazovutika, chini ngozi nene. Mifupa ya mbele ya vidole imelala ndani ya mto huo, haikusimama kama ya ng'ombe. Akikanyaga, wayo hutanuka, ndiyo maana hazami mchangani. Nyayo za mbele ni kubwa kuliko za nyuma, kwani shingo na kifua huelemea huko.

1. Mpigishe magoti pahala pakavu. Mfunge mguu wa mbele uliokunjwa, mwenzako ashike hatamu. Usikae ubavuni pa mguu wa nyuma. Teke lake hufika pande zote.

2. Osha kwa maji na brashi laini, hasa katikati ya vidole, kisha kausha.

3. Bonyeza wayo kwa kidole gumba kutoka kwenye kucha kwenda kisigino, ukilinganisha na mguu wa pili. Ukihisi joto au uvimbe, au akivuta mguu, hapo pana kitu.

4. Mwiba wa juu juu utoe kwa koleo. Osha kidonda kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa kijiko cha chai cha chumvi, halafu paka ayodini. Ulioingia ndani usiuchokoe, mwite daktari wa mifugo: usaha hutambaa ndani ya mto na nje usiuone.

5. Kucha iliyomeguka isawazishe kwa tupa. Wayo usiuchonge hata kidogo! Ngozi ile ngumu, ambayo wengi huiona uchafu uliokauka, ndiyo kiatu chake. Ukiiondoa, umemlemaza kwa mkono wako.

MASWALI

– Mwalimu, huku kwetu Makunduchi ni mawe matupu. Ngamia ataweza?

Mpitishe kwenye mchanga, ufukweni maji yakishapwa. Jiwe la matumbawe lina ncha, litamkata wayo. Kwenye mawe hayo punda ni bora.

– Na Pemba, milimani, wakati wa masika?

Hapo ndipo pabaya zaidi. Udongo wa mfinyanzi ukilowa huteleza, na wayo laini hauna ukingo wa kung'ata ardhi kama ukwato wa ng'ombe. Miguu ikimpanuka huku na huku, mapaja na nyonga huumia vibaya, na ngamia asiyeweza kunyanyuka ni shida kubwa. Subirini njia ikauke.

– Kwa nini asipigiliwe chuma kama farasi?

Msumari wa farasi hupita kwenye ukuta wa ukwato usiohisi maumivu. Ngamia hana ukuta huo, utapigilia nyama hai. Wayo ukilika, mvalishe kiatu cha ngozi cha kufunga juu ya kifundo, na ukivue kila jioni.

– Sheikh, mbuzi wangu hashindi nje, yumo bandani tu. Nimkate lini?

Huyo ndiye wa kisu. Mtazame kila wiki 6 hadi 8, upunguze ukwato uliojikunja kidogo kidogo. Ukiona rangi ya waridi, simama hapo hapo, kinachofuata ni damu.